Riwaya za kutisha na filamu zilizoukimbia mwisho wake

Riwaya ya I Am Legend ya mwandishi wa Kimarekani Richard Matheson imetengenezewa filamu tatu kubwa, ya kwanza mwaka 1964 na ya tatu mwaka 2007. Mamilioni ya watu wamezitazama. Hata hivyo, hakuna hata moja iliyothubutu kusema kwa ukamilifu lile ambalo mtunzi alilisema katika kurasa zake za mwisho.

Malalamiko ya namna hii husikika karibu kila mara riwaya ya kutisha iliyopendwa na wengi inapofikishwa kwenye sinema. Waliosoma kitabu hutoka ukumbini wakinung'unika kwamba walichokiona sicho walichokisoma. Wale ambao hawakukisoma huwashangaa, kwani wao wameona giza, damu na mazimwi, wameruka vitini mwao, na hawaoni kilichopungua.

Aghalabu walalamikaji hujibiwa kwamba kitabu ni kitu kimoja na filamu ni kitu kingine. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Hakuna msomaji mwenye busara anayetarajia kurasa 400 zienee katika muda wa saa mbili. Wahusika wataunganishwa, matukio yatarukwa, mazungumzo yatafupishwa. Kinachowauma wasomaji ni kwamba kile kinachotupwa mara nyingi si cha pembeni. Ni kile kile kilichoifanya hadithi itishe.

Mtu wa mwisho mjini Los Angeles

Matheson, aliyezaliwa mwaka 1926 katika jimbo la New Jersey, alieleza kwamba wazo la riwaya yake lilimjia alipokuwa bado kijana, akitazama filamu ya zamani ya Dracula. Alijiuliza: ikiwa mnyonya damu mmoja anatosha kuwatia watu hofu, ingekuwaje lau dunia nzima ingejaa wanyonya damu na akabaki binadamu mmoja tu?

Jibu lake lilichapishwa mwaka 1954, na matukio yake yaliwekwa katika miaka ambayo wakati huo ilikuwa bado mbali, kuanzia mwaka 1976 hadi 1979. Ugonjwa unaoletwa na bakteria umewaua watu au umewageuza kuwa wanyonya damu. Robert Neville, mtu wa kawaida kabisa, amesalimika mjini Los Angeles bila kujua kwa nini. Binti yake mdogo amekufa na mwili wake umechomwa moto pamoja na maiti nyingine kwa amri ya serikali. Mkewe alimzika mwenyewe kwa siri, na mkewe akarudi.

Kila usiku wanyonya damu huizingira nyumba yake. Miongoni mwao yumo jirani yake, Ben Cortman, ambaye zamani walikuwa wakienda kazini pamoja, na ambaye sasa husimama nje akimwita kwa jina ili atoke. Neville hukaa ndani akinywa pombe na kusikiliza santuri za muziki, madirisha yakiwa yamepigiliwa mbao na kutundikwa vitunguu saumu. Kunapopambazuka hushika vigingi vya mti na nyundo, akapita nyumba hadi nyumba akiwaua wale aliowakuta wamelala.

Sehemu kubwa ya kitabu ni upweke huo. Kuna kurasa kadhaa zinazohusu mbwa mmoja tu aliyesalia, ambaye Neville anambembeleza kwa majuma kadhaa kwa chakula na maneno ya upole mpaka mnyama akakubali kuguswa. Mbwa huyo anakufa baada ya siku chache, na Matheson anakitaja kifo chake kwa maneno machache tu. Hakuna zimwi katika kurasa hizo, na bado wasomaji wengi huzikumbuka kuliko nyingine zote.

Baadaye anatokea mwanamke, Ruth, akitembea mchana kweupe. Neville anamkaribisha, kisha anagundua kwamba ametumwa kumpeleleza. Kumbe miongoni mwa waliougua wapo walio hai, waliopata dawa ya kuutuliza ugonjwa, na ambao wameanza kujenga jamii mpya yenye sheria na viongozi wake. Neville hakujua kuwatofautisha na wafu waliofufuka. Kwa miaka mitatu amekuwa akiwaua wote, akiwamo mume wa Ruth.

Jamii hiyo mpya inamkamata na kumhukumu kifo. Akiwa kizuizini anachungulia dirishani, anaiona halaiki iliyokusanyika, na katika nyuso zao anasoma hofu. Ndipo anapoelewa. Kwao wao, yeye ndiye kiumbe anayekuja wakati watu wamelala, asiyeonekana, anayeacha maiti nyuma yake. Zamani binadamu walisimuliana hekaya za wanyonya damu. Sasa yeye ndiye hekaya. Hiyo ndiyo maana ya jina la kitabu.

Msikilizaji aliyekulia Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu juu ya hilo. Katika zama za ukoloni uvumi ulienea Kenya, Uganda na Tanganyika kuhusu mumiani, watu waliodaiwa kuwakamata wengine usiku na kuwatoa damu, na mara nyingi walionyooshewa kidole ni wazima moto. Mumiani wa uvumi huo hakuwa jini wa mwituni. Alikuwa mtu mwenye sare, mshahara na zamu ya kazi, ambaye bila shaka alijiona mwema. Neville wa Matheson ni mumiani asiyejijua.

Filamu tatu, maana tatu

Matheson aliandika mwenyewe mswada wa kwanza wa filamu, kwa ajili ya kampuni ya Hammer ya Uingereza, mnamo miaka ya 1950. Wakaguzi wa filamu wa Uingereza wakaupinga, na mswada ukauzwa Marekani. Matokeo yake yalikuwa The Last Man on Earth ya mwaka 1964, iliyopigwa nchini Italia kwa gharama ndogo, Vincent Price akiwa mhusika mkuu. Mswada ulikuwa umebadilishwa na watu wengine, na Matheson hakuridhika. Alikataa jina lake halisi lionekane, akatumia la kubuni: Logan Swanson. Alimheshimu Price kama mwigizaji, lakini alimwona hafai kwa nafasi hiyo.

Ajabu ni kwamba hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na kitabu. Jamii mpya imo, na inamuua shujaa. Lakini anakufa kanisani akiwatukana wauaji wake kwamba wao ndio viumbe vya ajabu na yeye ndiye mwanadamu. Neno moja la mwisho, la kushangaa kwamba walikuwa wakimwogopa, linamtoka wakati amechelewa mno kulitafakari, na mtazamaji naye hapewi nafasi ya kulitafakari.

Mwaka 1971 ikafuata The Omega Man, iliyomshirikisha Charlton Heston. Hapo wanyonya damu hawamo kabisa. Badala yake kuna kundi la watu waliopauka, wavaao majoho, wanaochukia sayansi na mitambo, waliotokana na vita vya silaha za kibayolojia. Heston anakufa ndani ya bwawa la chemchemi, mikono ameinyoosha kama msalabani, na damu yake ndiyo dawa itakayowaokoa waliobaki. Aliyekuwa mwuaji katika kitabu amefanywa mkombozi. Matheson alisema filamu hiyo ilikuwa mbali mno na kitabu chake kiasi kwamba haikumsumbua.

Filamu ya tatu ndiyo iliyowaumiza wasomaji zaidi, kwa sababu ilikuwa na kila kitu cha kuwa nzuri. Iliongozwa na Francis Lawrence, ikachukua jina halisi la kitabu, ikamweka Will Smith katika mitaa mitupu ya New York iliyoota majani. Nusu yake ya kwanza ni ya kusifiwa. Smith anazungumza na masanamu ya dukani kana kwamba ni majirani, na uhusiano wake na mbwa wake unaufikisha upweke wa Neville kwenye skrini kwa namna ambayo filamu mbili za kabla yake hazikuweza.

Kisha wagonjwa wanajitokeza. Hawakuigizwa na watu waliopakwa rangi, bali walichorwa kwa kompyuta, na ngozi yao laini ya kijivu huonekana kama ya mchezo wa video. Lakini kasoro hiyo ingesameheka. Kisichosameheka ni mwisho. Neville anagundua dawa, anaikabidhi kwa mwanamke aliyenusurika, kisha anajilipua kwa bomu la mkono pamoja na wagonjwa waliovamia maabara. Mwanamke anaifikisha dawa kwenye kambi ya walio wazima, na sauti yake inaeleza kwamba kwa tendo hilo Neville amekuwa hekaya. Neno ni lile lile la Matheson, lakini maana yake imegeuzwa nje ndani: katika kitabu ni hekaya kwa sababu alitisha, katika filamu ni hekaya kwa sababu aliokoa.

Na si kwamba watengenezaji hawakuujua mwisho mwingine. Waliupiga. Katika mwisho huo, uliotolewa mwaka 2008 kwenye DVD, kiongozi wa wagonjwa anachora kipepeo kwenye kioo cha maabara. Neville anatambua kwamba hakuja kuua. Amekuja kumchukua mwanamke wao, mwenye alama ya kipepeo mwilini, ambaye Neville alimkamata ili amfanyie majaribio ya dawa. Anamrudisha. Halafu macho yake yanaangukia ukutani, kwenye picha za wote waliokufa mikononi mwake katika majaribio kama hayo. Si mwisho wa Matheson hasa, kwa kuwa Neville anabaki hai, lakini wazo lake limo. Watazamaji walioonyeshwa filamu kwa majaribio kabla haijatoka hawakuupenda, nao ukaondolewa.

Baba mwenye upendo, baba mwenye shoka

Stephen King hajaficha kwamba Matheson ni miongoni mwa waandishi waliomfundisha kazi. Riwaya yake ya Cell, ya mwaka 2006, aliitunuku kwa Matheson na kwa mwongozaji George Romero, ambaye naye alikiri kwamba filamu yake ya mwaka 1968 ya wafu wanaotembea ilichota wazo kutoka I Am Legend. Naye King ameonja uchungu kama ule wa Matheson, lakini kwake kuna utata, kwa sababu filamu iliyomuudhi inahesabiwa na wengi kuwa miongoni mwa filamu bora za kutisha zilizopata kutengenezwa.

The Shining ilichapishwa mwaka 1977. King alipata wazo lake alipolala katika hoteli ya Stanley huko Colorado, iliyokuwa karibu kufungwa kwa majira ya baridi. Inamhusu Jack Torrance, mwalimu aliyefukuzwa kazi, anayechukua kibarua cha kulinda hoteli iliyozingirwa na theluji, akiwa na mkewe na mtoto wao Danny. Jack ni mlevi anayejitahidi kuacha. Siku moja alipolewa alimvunja mwanawe mkono, na aibu ya siku hiyo haimwachi. King mwenyewe wakati huo alikuwa na tatizo la pombe, na amesema baadaye kwamba alikuwa akijiandika bila kujua.

Kwa hiyo hofu ya kitabu haitokani na mizuka ya hotelini peke yake. Inatokana na kumwona mtu anayempenda mwanawe akimezwa kidogo kidogo na kile kilichomo ndani yake. Karibu na mwisho, nyundo ikiwa mkononi, Jack anazinduka kwa dakika moja na kumwambia mtoto akimbie. Boila la hoteli, alilolisahau kulipunguza mvuke, linalipuka, na kila kitu kinateketea.

Stanley Kubrick aliipiga filamu yake nchini Uingereza, katika studio za Elstree karibu na London, ikatoka mwaka 1980. Ina picha zisizosahaulika: mtoto akiendesha baiskeli yake katika veranda ndefu za hoteli, damu ikifurika kutoka kwenye lifti. Lakini Jack Nicholson anaonekana mwenye wazimu tangu mahojiano ya kazi, kabla hajaiona hata theluji. Hana pa kuporomokea. Dakika ile ya kuzinduka haimo. Boila halilipuki; Jack anaganda kwa baridi nje, shoka mkononi, katika vichochoro vya bustani. King amesema mara nyingi kwamba kitabu chake ni cha moto na filamu ni ya baridi, na aliifananisha na gari kubwa la fahari lisilo na injini.

Je, King alikuwa na haki? Mwaka 1997 alipata nafasi ya kuthibitisha. Aliandika mwenyewe mfululizo wa televisheni uliopigwa katika hoteli ile ile ya Stanley, na humo upo ulevi, upo upendo wa baba, lipo na boila. Ni mwaminifu kwa kitabu kuliko filamu ya Kubrick kwa kila kipimo, na hautishi hata nusu yake. Wanyama waliokatwa kwa miti ya bustani, ambao kitabuni hutisha kwa sababu husogea pale tu msomaji anapoangalia kwingine, kwenye televisheni walichorwa kwa kompyuta za wakati ule na wakawa wa kuchekesha.

Hapo ndipo wale wanaodai uaminifu na uaminifu tu wanapopaswa kunyamaza kidogo. Kubrick alikitupa kiini cha kitabu, lakini aliweka kitu chake mwenyewe mahali pake. Waliomtengenezea Matheson filamu mwaka 2007 walikitupa kiini na pale wakaweka mlipuko.

Fedha na ujasiri

Sababu kubwa ya mambo haya ni hesabu. Riwaya huhitaji karatasi na msomaji mmoja mmoja. I Am Legend ya mwaka 2007 iligharimu takriban dola milioni 150, na fedha za kiasi hicho hazirudi mpaka filamu ipendwe na kila aina ya mtazamaji, katika kila nchi. Nyota anayelipwa mamilioni haonyeshwi kirahisi kuwa ndiye zimwi. Na kwa upande wa hesabu hakuna aliyekosea, kwani mapato yalipita dola milioni 580 duniani kote. World War Z ya mwaka 2013 ilipita njia hiyo hiyo: kitabu cha Max Brooks cha mwaka 2006, ambacho ni mkusanyiko wa ushahidi wa watu wengi baada ya vita na wafu wanaotembea, kikageuzwa kuwa safari ya shujaa mmoja, Brad Pitt. Nayo ilipata zaidi ya dola milioni 500.

Mwandishi akishauza haki, huwa hana la kufanya isipokuwa kulinda jina lake, nalo si rahisi. King alilazimika kwenda mahakamani mwaka 1992 kupinga kuitwa mwenye The Lawnmower Man, filamu ya kompyuta na ulimwengu wa bandia iliyodaiwa kutokana na hadithi yake fupi yenye jina hilo, ambayo haikuwa na kompyuta ndani yake hata moja. Alishinda: filamu haikuruhusiwa tena kutangazwa kuwa ni ya Stephen King.

Wapo waliochagua njia nyingine. Mwezi mmoja kabla ya I Am Legend kuingia kwenye sinema, Novemba 2007, ilitoka The Mist, iliyotokana na hadithi ya King na kuongozwa na Frank Darabont. Darabont naye alibadilisha mwisho, ila aliufanya kuwa mchungu zaidi kuliko wa kitabu. Baba mmoja anaamini hakuna tena tumaini na anatenda jambo lisiloweza kurekebishwa, dakika chache tu kabla msaada haujafika. Darabont ameeleza kwamba alikataa fedha nyingi zaidi kutoka kwa mtayarishaji aliyetaka mwisho huo uondolewe, akaitengeneza filamu kwa takriban dola milioni 18. King aliusifu mwisho huo na kusema laiti angaliufikiria yeye.

Kuhusu The Shining, mgogoro ulipata suluhu ya namna yake. Mwaka 2019 mwongozaji Mike Flanagan alitoa Doctor Sleep, iliyotokana na riwaya ya King ya mwaka 2013 inayomfuata Danny akiwa mtu mzima, mlevi kama baba yake. Flanagan aliijenga upya hoteli kama ilivyoonekana kwa Kubrick, kisha akaliacha boila lifanye kazi yake. Hoteli iliteketea, na King akasema kwamba yale aliyoyachukia katika filamu ya mwaka 1980 sasa yamerekebishwa.

Matheson alifariki dunia mwaka 2013 bila kuona jambo kama hilo. Miaka kumi baadaye, Februari 2023, Akiva Goldsman, mmoja wa walioandika mswada wa filamu ya mwaka 2007, alitangaza kwamba anaandika ya kuifuata. Alisema hadithi hiyo mpya itarudi kwenye kitabu, na kwamba itaanzia kwenye ule mwisho ulioondolewa, ambapo Neville hakujilipua, bali alimrudisha mwanamke aliyemteka na akabaki akiziangalia picha ukutani.